Jina Moja, Miti Mitatu: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Mbeiberi

Katika toleo lililopita tulichapisha maelezo mafupi kuhusu viungo vinavyoweza kupandwa nyuma ya nyumba, na humo tukautaja kwa sentensi moja tu mti ambao wauzaji wa miche huuita "bei" au "beiberi". Sentensi hiyo ilituletea barua nyingi kutoka Nakuru, Kisumu na Magharibi. Nimechagua tano na kuzifupisha bila kubadili maana. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya barua nyingine yanaitegemea.

SWALI: Mpendwa Mshauri, mkaza mwanangu aliniletea mche unaoitwa "bei" kutoka kwa muuzaji wa kando ya barabara. Muuzaji alimwambia kwamba huo ndio mbeiberi, kwamba majani yake hupikwa, magome yake ni dawa ya tumbo, na matunda yake hutengenezewa mishumaa. Sasa mti unanifika kiunoni, na majani yake yananukia vizuri ukiyavunja. Je, ni kweli kwamba mti mmoja unaweza kufanya kazi zote hizo, na je, naweza kuanza kuchuma? Nimetia jani moja ndani ya bahasha. (Mama wa Lanet, Nakuru)

JIBU: Mama, ahsante kwa barua, na ahsante zaidi kwa jani, kwa kuwa bila hilo ningelazimika kubahatisha. Mambo yote matatu aliyoyasema muuzaji ni ya kweli, ila si ya mti mmoja. Amechukua sifa za miti ya koo mbalimbali iliyokutanishwa na jina tu, akazivika mche wako. Hii ndiyo sababu nawasihi wasomaji wote wajue kwanza wana mti gani kabla ya kutia jani sufuriani na kabla ya kuchemsha gome, kwa maana jina la sokoni halitoshi kuwa kinga.

Mti wa kwanza ni mloreli, ambao wataalamu huuita Laurus nobilis. Asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, na Wagiriki na Warumi wa kale waliyasuka matawi yake kuwa mataji ya washindi. Jamaa zake tunawafahamu vizuri huku kwetu, kwa sababu mdalasini ni wa ukoo huo na mparachichi pia. Huu ndio mti unaotoa yale majani makavu ambayo wapishi huyatia kwenye mchuzi. Matunda yake huwa meusi yanapoiva, na mafuta yanayokamuliwa humo huchanganywa na mafuta ya zeituni ili kutengeneza sabuni ya Aleppo, nchini Syria, inayosifika tangu zamani.

Mti wa pili ndio mbeiberi wenyewe. Vitabu vya zamani huuita Myrica, na siku hizi aina zake nyingi zimehamishiwa katika jina la Morella. Aina mbili zinazotajwa sana ni za Marekani: Morella pensylvanica ya sehemu za baridi za kaskazini mashariki, na Morella cerifera ya majimbo yenye joto ya kusini. Tunda la miti hii ni dogo kama punje ya pilipili manga, na ngozi yake imefunikwa na nta ya rangi ya kijivu yenye harufu nzuri. Mishumaa aliyoizungumzia muuzaji hutoka hapo, na gome la dawa ni la mizizi ya mti huohuo. Majani yake pia hutiwa kwenye chakula katika sehemu za Marekani, ingawa ladha yake haifikii ile ya mloreli.

Mti wa tatu, Pimenta racemosa, ni wa visiwa vya Karibi, na nao huitwa bei au beiberi na watu wa huko. Ukoo wake ni ule wa mkarafuu, mpera, mzambarau na mkaratusi, kwa hiyo mtu aliyezoea karafuu za Unguja na Pemba akilivunja jani lake atahisi kwamba amewahi kukutana nalo. Majani yake hukamuliwa mafuta kwa mvuke, na mafuta hayo yakichanganywa na pombe ya miwa hutoa maji ya kupaka nywele na ngozi baada ya kunyoa, ambayo yalijulikana duniani kupitia kisiwa cha Saint Thomas katika karne ya 19, hasa kwa juhudi za mfamasia wa Kidenmark, Albert Heinrich Riise. Maji hayo ni ya kupaka tu; kuyanywa ni hatari.

Sasa nirudi kwenye jani lako, Mama. Lilifika limekauka nusu, kijani chake kimeanza kufifia, lakini bado lilikuwa gumu kama karatasi nene. Nililiinua mbele ya dirisha nikaona mshipa mkuu mmoja uliopita katikati kutoka kikonyo hadi ncha, na mishipa midogo inayotoka pande zote mbili kama miiba ya samaki. Ukingo wake umejikunja kidogo kama wimbi, na hauna meno. Nilipolivunja, harufu iliyonijia ilikaribia ile ya mkaratusi, ila ilikuwa pole zaidi na yenye utamu nyuma yake. Ukaribu huo una sababu, kwa kuwa mafuta ya mloreli na yale ya mkaratusi yana kwa wingi kemikali moja iitwayo sineoli. Lingekuwa jani la mbeiberi, ningeona vitone vidogo vya manjano vyenye utomvu upande wa chini, na pengine meno machache karibu na ncha. Lingekuwa la Pimenta, lingenukia karafuu.

Kwa hiyo mche wako ni mloreli. Hata hivyo naomba uhakikishe jambo moja ambalo bahasha haiwezi kunionyesha: tazama jinsi majani yalivyoshikana na tawi. Kwenye mloreli jani moja hutoka upande huu, lifuatalo upande ule, kwa zamu. Ukiona yametoka mawili mawili yakielekeana, au matatu matatu kwenye kifundo kimoja, usichume kabla hujaniandikia tena. Ukiridhika, unaweza kuanza kuchuma kidogo kidogo, ukichagua majani yaliyokomaa ya sehemu ya chini na kuacha machipukizi, kwa sababu mloreli hukua polepole na mti wa kufika kiunoni hauna majani ya kupoteza. Yatandaze kivulini kwenye ungo, yafunike kwa kitambaa chepesi ili yasijikunje, na usiyaanike juani kwa kuwa jua huondoa harufu pamoja na unyevu. Yakikatika kwa sauti unapoyakunja, yatie kwenye mkebe wenye kifuniko. Ndani ya mwaka mmoja bado yatakuwa na nguvu, lakini baada ya hapo utakuwa unapika makaratasi.

Lanet ni mahali pazuri kwa mti huu. Kuna mwinuko wa kutosha, usiku una ubaridi, na udongo wetu wa volkano hupitisha maji upesi, jambo ambalo mloreli hulipenda kuliko mbolea. Ukiupanda ardhini na kuuacha utakuwa mti kamili wenye urefu wa mita saba au zaidi. Ukitaka uwe wa pambo, uweke kwenye chungu kikubwa na kuukata kila baada ya mvua ndefu, nao utavumilia umbo lolote utakaloupa, liwe la mpira, la koni au la fimbo yenye kichwa cha duara. Binafsi naupenda ukiwa umeachwa na umbo lake karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo mpishi anaweza kunyoosha mkono.

SWALI: Mshauri, nina hoteli ndogo Kondele. Majani ya bei ninayoyanunua kwenye duka la viungo mjini ni marefu, yana mistari mitatu, na yananukia kama mdalasini. Kwenye pilau ni mazuri, lakini mchuzi wa samaki uliharibika ladha na wateja wakalalamika. Kisha mfanyakazi wangu akaleta majani marefu membamba kutoka kwenye uzio wenye maua ya waridi, akisema ni yaleyale na ni ya bure. Je, nitumie yapi? (Mwenye Hoteli, Kisumu)

JIBU: Ndugu yangu, nitaanza na majani ya bure, na naomba uyatupe leo hii, wala usiyape mifugo. Jinsi ulivyoyaeleza, yenye wembamba, yanayotoka kwenye mmea wa maua ya waridi unaopandwa kando ya barabara na kwenye nyua za mijini, hayo kwa uwezekano mkubwa ni majani ya oliyanda. Mmea huo una sumu kuanzia mzizi hadi ua, na sumu yake huvuruga mapigo ya moyo. Kuyakausha hakuiondoi, na kuyachemsha hakuiondoi pia. Katika lugha kadhaa za Ulaya jina la oliyanda linafanana na lile la mloreli, na kwa macho ya haraka majani yanafanana pia, kwa hiyo mfanyakazi wako si mtu wa kwanza kukosea. Mweleze kwa upole, lakini mweleze mbele ya wapishi wote. Alama za kumsaidia ni hizi: jani la oliyanda halina harufu ya kiungo ukilivunja, na mara nyingi hutoka matatu matatu mahali pamoja. Na ikiwa mtu yeyote ameshakula chakula kilichopikwa kwa majani hayo, akahisi kichefuchefu, kizunguzungu au moyo kwenda ovyo, apelekwe hospitali bila kusubiri, na tawi la mmea wenyewe lipelekwe naye.

Sasa tuje kwenye majani ya dukani. Hayo yenye mistari mitatu si ya mloreli bali ni tejpata, majani ya mti wa jamii ya mdalasini unaoota chini ya milima ya Himalaya, ambayo Wahindi waliyaleta katika mapishi yetu pamoja na pilau na biriani. Muuzaji hakukuibia, kwani tejpata ni kiungo halali chenye heshima yake, na kwenye wali wenye iliki, karafuu na bizari nzima haina mshindani. Mimi pia niliwahi kununua pakiti iliyoandikwa jina la mloreli, nikaifungua nyumbani na kukuta tejpata, na nikajifunza kulitazama jani kupitia nailoni kabla ya kulipa. Mishipa mitatu inayokwenda sambamba kwa urefu ni tejpata. Mshipa mmoja wenye matawi ni mloreli.

Mchuzi wa samaki unataka mloreli. Ladha ya mdalasini hugombana na ngege na mbuta, ilhali uchungu mdogo wa mloreli, unaoonekana mwanzoni kama kasoro, ndio unaokata shombo na kuupa mchuzi uzito. Kwa sufuria ya watu sita, jani moja kavu linatosha. Litie pamoja na kitunguu mafuta yakiwa bado hayajapata moto mkali, ongeza nyanya, acha vichemke taratibu kwa robo saa, kisha ndipo uweke samaki aliyekwisha kukaangwa. Kwenye maharagwe au githeri, majani mawili yaingie tangu mwanzo pamoja na maji, kwa kuwa harufu yake hutoka polepole. Jani bichi lina uchungu zaidi ya kavu, hivyo ukipata mabichi yaache kwa siku chache kabla ya kuyatumia. Omena sikushauri kuitilia, kwa maana omena ina sauti yake na haihitaji msaidizi.

Jambo moja la lazima kwa mtu anayewapikia wengine ni kuliondoa jani kabla ya kupakua. Mloreli haulainiki hata ukipikwa nusu siku. Ukingo wake hubaki mgumu na mkali, na unaweza kukwama kooni au kukwaruza utumbo. Hesabu majani unapoyatia, na uyahesabu tena unapoyatoa.

Kwa kuwa umetaja pia kwamba unauza uji asubuhi, nitaongeza kwamba watu wa Karibi hutia jani la Pimenta kwenye uji wa mahindi pamoja na maziwa na kungumanga. Mti huo ungeweza kustawi kwenye joto na unyevu wa Kisumu kuliko mloreli, ila sijauona ukiuzwa kwenye vitalu vya huku. Karafuu mbili tu kwenye sufuria ya uji zitakukaribisha kwenye ladha hiyo, kwa sababu mafuta ya Pimenta na ya karafuu yana kiini kimoja kiitwacho yujenoli.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Babu yangu huku Molo hutumia gome la mti wa porini kutibu kichwa na tumbo. Mwalimu wetu alisema mti huo ni beiberi ya Afrika. Nimesoma kwamba gome la beiberi huuzwa Marekani kama dawa, nikawaza kusaga unga na kuuza. Pia nyanya ana presha, na nataka kujua kama anaweza kuinywa kila siku. (Kijana wa Kidato cha Nne)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli kwamba Afrika ina mbeiberi yake. Anayeizungumzia huenda ni Morella salicifolia, inayoota kwenye nyanda za juu kuanzia Ethiopia kuja Kenya na kuendelea kusini, hasa pembezoni mwa misitu ya milimani. Magome na mizizi yake hutumika katika tiba za jadi, na maumivu ya kichwa ni moja ya matatizo yanayotajwa sana. Kwa hiyo babu yako anashika urithi mpana, naye anastahili kusikilizwa na kuandikiwa anayoyajua. Lakini hakikisheni kwamba mti ni huo kweli. Kata tawi lenye majani, na maua au matunda yakiwepo, ulilaze kati ya kurasa za gazeti chini ya kitu kizito mpaka likauke, uandike mahali na tarehe ulipolichuma, kisha ulipeleke kwenye hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ambako kazi ya kutambua mimea hufanywa na watu walioisomea.

Kuhusu gome la Marekani, habari ni ndefu na ina mafunzo. Mtabibu wa mitishamba Samuel Thomson, aliyeishi kuanzia 1769 hadi 1843, aliliweka gome la mzizi wa mbeiberi katikati ya mfumo wake wa tiba, na unga maarufu wa wafuasi wake ulichanganya gome hilo na tangawizi, pilipili kali na karafuu. Walilitumia kwa kuhara, kwa kusukutua koo lenye vidonda na kwa homa za baridi. Sehemu ya kazi hiyo inaeleweka hata leo, kwa sababu gome lina tanini nyingi, zile dutu zinazoukausha ulimi unapokunywa chai iliyokaa kwenye birika au kutafuna ndizi mbichi. Tanini hukaza ngozi laini ya koo na ya utumbo, na hivyo hupunguza majimaji. Lakini tanini hizohizo zikinywewa kwa wingi au kwa muda mrefu huudhi tumbo na kulitia ini mzigo. Kuacha kuhara kwa muda si sawa na kuua kijidudu kilichokuleta huko. Mtoto anayehara anahitaji maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha uhai, na zahanati.

Kwa nyanya yako jibu langu ni hapana, na nalitoa bila kusita. Ndani ya gome la mbeiberi wa Marekani imetajwa dutu iitwayo mirikadioli, ambayo huufanya mwili uzuie chumvi na maji, na mwili unaofanya hivyo huongeza presha. Mbeiberi wetu wa milimani ni ndugu wa yule, na mimi sitakubali mwenye presha awe wa kwanza kupima udugu huo. Aendelee na vidonge alivyoandikiwa na daktari, na kama babu amekwisha kumpa gome, daktari aambiwe. Tahadhari hiyohiyo iwahusu wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo.

Wazo la kuuza unga naomba uliweke kando. Unga hauna jani, hauna ua, hauna mshipa wa kuutazama dirishani, na mnunuzi hana njia ya kujua umesaga nini. Kuna pia maisha ya mti wenyewe. Gome ndilo linalopitisha chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini, na mtu akilibandua kulizunguka shina lote, mti hufa umesimama. Tumeona jambo hili kwenye Prunus africana, mti wa misitu yetu ambao gome lake liliwindwa kwa ajili ya dawa za tezi dume za Ulaya, mpaka mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini. Isitoshe, kuchukua mazao kwenye msitu wa serikali bila kibali ni kosa chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2016. Ukitaka kumfurahisha babu, okota mbegu, uziatike, na upande miti kumi kwenye mpaka wa shamba. Waulize watu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, pale Londiani jinsi ya kuzitunza.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Lurambi, Kakamega. Kikundi chetu cha akina mama na vijana kingependa kupanda mibeiberi ya Marekani iwe uzio wa shamba na pia tupate nta ya mishumaa. Ndugu yangu aliye huko amejitolea kututumia mbegu kwa posta. Nimesoma kwamba mti huu hurutubisha udongo. Unashauri nini? (Mwalimu)

JIBU: Mwalimu, ulichosoma kuhusu udongo ni sahihi. Mizizi ya mbeiberi huwa na vinundu vyenye bakteria waitwao Frankia, ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea, kama vile wanavyofanya kwenye mizizi ya mvinje kule Pwani. Kwa sababu hiyo mti huweza kuota kwenye mchanga na ardhi dhaifu ambapo mingine hushindwa, nao hutumika sana kwa pambo katika bustani za kando ya bahari huko Marekani, matunda yake ya kijivu yakibaki yameshikana na matawi hata majani yanapopukutika.

Lakini nguvu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Mbeiberi mwingine, Morella faya wa visiwa vya Azores na Kanari, ulipelekwa Hawaii na wahamiaji Wareno mwishoni mwa karne ya 19. Ndege wakala matunda na kusambaza mbegu, mti ukaingia kwenye ardhi changa ya volkano iliyokuwa na naitrojeni kidogo sana, ukaibadilisha na kuisonga mimea ya asili, na hadi leo wahifadhi wa huko wanapambana nao. Sisi watu wa upande wa ziwa hatuhitaji kwenda Hawaii kulielewa jambo hili. Magugu maji yanayofunga fuo za Kisumu yalipendwa kwanza kwa ajili ya maua yake ya zambarau.

Kwa hiyo mwambie ndugu yako asitume mbegu kwenye bahasha. Mbegu na miche kutoka nje huingia nchini kwa kibali kinachotolewa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haijasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Hata kibali kikipatikana, Morella pensylvanica umezoea majira ya baridi kali ambayo Kakamega haina. Tena miti hii ni ya jinsia mbili kama mpapai, dume lake na jike lake, na mtu akipanda jike peke yake atasubiri matunda bure.

Nta yenyewe ningependa uijue jinsi inavyopatikana, kwa kuwa kazi yake ni nzuri kuitazama. Matunda huchemshwa kwenye maji mengi, nta huyeyuka na kupanda juu, kisha sufuria huachwa ipoe mpaka igande kama mafuta ya supu ya asubuhi. Huondolewa, huyeyushwa tena na kuchujwa kwa kitambaa. Huwa na rangi ya kijani iliyofifia na harufu inayobaki chumbani hata mshumaa ukizimwa. Wahamiaji wa Marekani waliipenda kwa sababu haikulainika kwa joto kama mishumaa ya mafuta ya wanyama wala haikunuka. Huko Rasi ya Afrika Kusini, walowezi walifanya vivyo hivyo na mbeiberi wa pwani yao, Morella cordifolia. Lakini kila mahali watu walilalamikia jambo moja, nalo ni kwamba kapu zima la matunda hutoa nta ya kujaza kiganja. Kikundi chenu kina mali bora karibu zaidi, yaani nta ya nyuki, na mizinga mtakayoiweka italipa kwa asali pia. Kwa uzio wa shamba, kayaba mnayoijua tayari itazuia ng'ombe vizuri.

SWALI: Mloreli wangu uliopo kwenye chungu barazani umeota weusi kama masizi juu ya majani, na sisimizi wanapanda shina mchana kutwa. Majani haya yanaweza kupikwa? (Dada wa Milimani, Nakuru)

JIBU: Dada, masizi hayo ni ukungu unaokua juu ya majimaji matamu yanayotolewa na wadudu magamba. Geuza jani uangalie kandokando ya mshipa mkuu: utaona vijidoa vya kahawia vilivyobonyea, vilivyotulia kama sehemu ya jani. Hao ndio adui, na sisimizi wamefuata utamu wao tu. Wasugue kwa mswaki wa zamani uliochovywa kwenye maji ya sabuni ya kipande, ukianzia chini kwenda juu, kisha suuza mti mzima. Rudia kila wiki kwa wiki nne, maana watoto wao huanguliwa baadaye. Usipulizie dawa ya wadudu kwenye mti unaoupika. Majani yenye weusi usiyatumie; yakate, na upunguze matawi ya katikati ili hewa ipite. Chungu kikiwa kimejaa mizizi, ongeza ukubwa mmoja tu, uchanganye udongo na mchanga wa volkano na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, na usimwagilie tena mpaka kidole chako kikute ukavu chini ya kiungo cha kwanza.